Ulisema Wali, Hukusema Ubwabwa

Kwetu Ifakara mtu akiacha nyama hakuna anayemuuliza, maana nyama yenyewe haipo kila siku. Akiacha pombe watasema Padri kamsema. Lakini akiacha wali, jirani wa tatu anajua kabla jua halijazama. Mpunga ndio shamba letu, ndio ghala letu, ndio chakula cha mgeni na cha msiba. Kwa hiyo nilipoweka nadhiri ya kutokula wali nilijua sitaweza kuificha, na wala sikujaribu sana.

Nadhiri ilikuwa kwa ajili ya binti yangu wa kwanza, aliyeolewa kijiji cha Mbingu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya. Wa pili alilia vizuri, akanyonya, siku ya tatu akafa. Mimba ya tatu hakuniambia. Niliiona mwenyewe siku alipokuja kututembelea, akashindwa kuinama kuokota ungo, akausukuma kwa mguu mpaka ukutani. Kesho yake nikaenda kanisani, siku ya kazi, kanisa tupu, nikapiga magoti mbele ya Bikira Maria nikasema kwa sauti ndogo lakini kwa maneno kamili: "Sitakula wali mpaka nimshike mtoto huyu mikononi, akiwa hai." Nikatoka, nikaenda kupika. Mchana ule watoto walikula wali, mimi nikala ugali.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aligundua siku ya pili. Sisi tunaishi ua mmoja na sufuria zetu zinajuana.

"Wifi, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi umeweka nadhiri."

"Nimeweka."

"Ya yule binti yetu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akakaa chini pale pale jikoni. Yeye ndiye shangazi wa binti yangu, na wale watoto wawili waliokufa yeye ndiye aliyewaosha. Akasema, "Ungeacha muhogo, wifi. Mungu angeelewa tu." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na habari ikaishia hapo.

Haukupita mwezi, Masista wa misheni wakatuita. Walikuwa wanataka akina mama watatu wa chama chetu wasafiri mpaka nchi yao, kwenye nyumba yao kubwa, wakawaonyeshe akina mama wa kule jinsi tunavyosuka ukili na kushona mikeka, na wajibu maswali yao. Alichaguliwa wifi kwa sababu ya mikono yake, na nadhani pia kwa sababu ya mdomo wake. Alichaguliwa mwalimu wa kike wa shule ya misheni, msichana bado, kwa sababu ya Kiingereza, ingawa tulipofika tulikuta kule Kiingereza hakiwasaidii kitu. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa nimesoma darasa la jioni miaka mitatu kwa taa ya kandili, naweza kusoma barua na kuandika ripoti ya chama.

Nilitaka kukataa. Mtoto angezaliwa mwezi wa pili, na sisi tungekuwa huko huko baridini. Binti yangu ndiye aliyenitoa. Alisema, "Mama, ukikaa hapa utanitazama tumbo tu kila siku. Mkwe yupo, hospitali ya misheni ipo. Nenda ukaniombee huko." Nikaenda. Tulivuka mto kabla mvua hazijaharibu barabara, tukapanda lori mpaka Kilosa, treni mpaka Dar es Salaam, na meli wiki tatu. Safari ya meli sitaieleza. Wifi aliugua tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mimi kazi yangu ilikuwa ndoo.

Huko tulipewa makoti, soksi za sufu na viatu vya Masista. Khanga tulizivaa ndani ya makoti, ili tujue bado ni sisi. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Kila tukitoka nje pumzi ya mtu inaonekana, na wifi alikuwa anaziba mdomo kwa mkono, anasema watu watamdhania anavuta tumbaku. Theluji tuliizoea haraka kuliko nilivyofikiri. Chakula ndicho hatukukizoea. Asubuhi mkate, mchana viazi, jioni viazi vile vile vimekaangwa.

"Hapa hata malaika wanakula viazi," wifi alikuwa anasema. "Siku nikifa nataka kwenda mbinguni kwa njia ya Ifakara."

Kwangu mimi viazi vilikuwa nafuu. Sikuwa na haja ya kukataa kitu mezani kwa watu. Nilikula viazi nikashukuru, nikahesabu miezi. Wa kumi na mbili ukapita, wa kwanza ukapita. Barua kutoka nyumbani ilikuja moja tu, ya mume wangu, iliyoandikwa zamani, inasema binti hajambo na mvua zimeanza vizuri.

Sista aliyetuongoza alikuwa amekaa Ifakara miaka mingi. Kiswahili chake kizuri, ila alikuwa na tatizo moja ambalo tulimcheka hata kwetu. Mpunga, mchele na wali vyote kwake vilikuwa kitu kimoja, maana kwa lugha yao vina neno moja tu. Alikuwa anaweza kumwambia mtu, "Nenda shamba ukavune wali," au, "Nimenunua gunia la wali dukani." Tulimzoea hivyo.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya Misa, Sista akatuambia leo hatuli nyumbani. Anaye rafiki yake tangu utotoni, mama mjane mwenye hoteli ya chakula pale mjini, naye ametualika. Amesikia tumekaa miezi tunakula viazi. Sista alikuwa anatabasamu kama mtu mwenye siri.

Tulikuwa na njaa, maana tulikuwa tumefunga kwa ajili ya Komunyo. Tulishuka kilima taratibu tumeshikana mikono, kwa kuogopa kuteleza. Mwalimu katikati, sisi wazee pembeni.

Hoteli ilikuwa chumba kimoja chenye meza saba au nane na jiko kubwa la vigae kwenye kona, joto lake linakupokea mlangoni. Watu walikuwa wamejaa wanakula. Kule kula hotelini ni kazi ya kukaa. Watu wanakaa na jamaa zao, meza kwa meza, na hakuna anayemwambia wa meza nyingine karibu. Wifi hakujua hilo, au alijua hakujali. Aliingia kwa hodi, akaamkia meza zote kwa mara moja, "Shikamooni!" Vijiko vikasimama. Karibu na meza yetu alikuwepo mzee mmoja anakula peke yake. Tulipoketi wifi akamgeukia akasema, "Karibu, baba," ingawa sisi mbele yetu hapakuwa na kitu bado. Yule mzee akainamisha kichwa kwa heshima, akaendelea kutafuna.

"Wifi, huwezi kumkaribisha mtu mezani patupu," nikamwambia.

"Namuwahi. Chakula kikija asije akasema tumemnyima."

Mwenye hoteli alitoka jikoni, mama mnene, mikono myekundu, aproni imefungwa mara mbili. Alitushika mikono mmoja mmoja. Kisha akaleta jagi la maji ya moto, beseni na taulo, akatunawisha. Sista alikuwa amemwambia desturi yetu. Watu wote hotelini walikuwa wanatazama, na yule mama hakuwatazama hata mmoja. Nilimpenda kwa jambo hilo.

Nikasali, tukaanza. Kwanza ikaja supu ya kuku. Ilikuwa nyeupe, nzito kidogo, laini sana kooni. Miezi yote mitatu sikuwa nimeonja kitu kilichonikalia tumboni vile. Nilikunywa bakuli langu lote. Yule mama alipopita na chungu akaniangalia, na mimi, ambaye sijawahi kuomba kuongezwa chakula kwenye nyumba ya mtu tangu nizaliwe, nikasogeza bakuli.

Wifi akanipiga kiwiko. "Leo mama wa nadhiri kafungua tumbo."

"Supu nzuri," nikasema.

"Mwalimu, andika. Tangu tutoke Kilosa ndiyo mara ya kwanza huyu amesifu kitu."

Nikamaliza na la pili.

Halafu yule mama akaenda jikoni, akakaa kidogo. Sista akaweka mikono mapajani, akanyooka. Nikaona hii ndiyo siri yenyewe. Mama akatoka amebeba bakuli kubwa la udongo lenye kifuniko, ameshika kwa vitambaa viwili, akaliweka katikati ya meza yetu na kufunua.

Ulikuwa mchele. Umepikwa kwa maziwa mpaka umelainika, umenyunyiziwa sukari na mdalasini juu, mvuke unapanda.

Wifi alipiga kigelegele. Si kidogo, kigelegele cha harusi, ndani ya hoteli ile, Jumapili mchana. Mtu mmoja akaangusha uma. Mwalimu akaficha uso kwenye taulo. Yule mama mwenye hoteli kwanza alishtuka, kisha akaelewa, akaanza kucheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

Alianza kugawa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesali. Aliweka sahani imejaa mbele yangu, akasimama pembeni mikono kiunoni, anasubiri nionje.

Niliitazama ile sahani. Harufu ilikuwa ya nyumbani na si ya nyumbani. Nikaweka mikono chini ya meza.

"Wifi," wifi akasema polepole, kigelegele kimekwisha. "Usifanye hivyo."

"Unajua."

"Najua. Lakini sikiliza. Wewe ulisema nini kanisani? Ulisema wali. Sasa huu ni wali? Una maziwa, una sukari, umelegea. Huu ni ubwabwa. Chakula cha mtoto asiye na meno. Ulisema wali, hukusema ubwabwa."

"Mpunga ni mpunga."

"Ahaa! Basi ungesema mpunga. Mwalimu, wewe umesoma. Wali na ubwabwa ni kitu kimoja?"

Mwalimu akasema, "Shangazi, mimi naona tumwachie mama mwenyewe," maana alikuwa na adabu, na pia alikuwa na njaa na hakuweza kuanza kabla yangu.

"Wifi," nikasema, "Mungu si karani wa boma nimtafutie neno la kupenyea. Alijua nilichomaanisha."

"Na huyu mama je? Amesimama. Amepika tangu alfajiri. Atasema watu wa Ifakara wanadharau."

Hapo alinipata. Kumkatalia mwenyeji chakula mbele ya macho yake ni jambo ambalo nimewachapa watoto wangu kwa ajili yake. Nikamgeukia Sista, nikamwomba amweleze yule mama. Sista hakuwa anajua habari ya nadhiri. Nilimwambia pale pale kwa maneno machache: binti, watoto wawili waliokufa, huyu wa tatu ambaye pengine amezaliwa na pengine bado, na kwamba nimeahidi nisile wali mpaka nimshike. Sista akamgeukia mwenye hoteli. Halafu akaeleza kwa lugha yao. Nilisikia lile neno lao moja linapita mara mbili, tatu.

Yule mama alisikiliza, uso wake ukawa mzito. Hakukasirika. Alimuuliza Sista swali. Sista akajibu. Yule mama akatazama bakuli langu tupu la supu, akasema kitu kifupi, akanyoosha kidole kule jikoni. Sista akabadilika rangi.

"Anasema nini?" wifi akauliza.

Sista akashika msalaba wake.

"Sista, sema," nikamwambia.

"Anasema, mama, supu ile... ameitia unga wa wali. Ili iwe nzito. Alitaka chakula chote leo kiwe cha kwenu."

Unga wa mchele, alitaka kusema. Wote tulielewa.

Nakumbuka nililitazama lile bakuli tupu, na nikafikiri kwamba nililisogeza mwenyewe lijazwe tena. La kwanza nilipewa. La pili niliomba. Na huko Mbingu, saa ile, sikujua kuna nini.

"Mama, hukujua," mwalimu akasema. "Hakuna dhambi."

"Hakuna dhambi," Sista naye akasema. "Mtu asiyejua hana dhambi."

"Najua hakuna dhambi," nikasema. "Dhambi ni kitu kimoja, ahadi ni kitu kingine."

Wifi ndiye aliyeniokoa kwa njia yake, yaani kwa kunichokoza. Alisogea karibu, akasema taratibu, "Haya. Sasa utasemaje? Supu ni wali? Tangu lini watu wakala supu wakasema wamekula wali? Useme tu kwamba ulisema wali, hukusema supu, uwe salama."

Ni neno lile lile nililolikataa dakika tano zilizopita. Nikaona wazi kwamba siwezi kulikataa kwa ajili ya sahani na kulikubali kwa ajili ya bakuli. Kama ubwabwa ni wali, basi na supu ile ni wali, na mimi nimekula, tena nimeongezwa.

"Ni wali," nikasema. "Nimekula."

"Basi imevunjika. Kula na huu."

"Wifi, ukijikwaa unatoka mtoni na ndoo, maji yakamwagika nusu, huyamwagi na yaliyobaki."

Akanitazama sana. Nilifikiri atacheka. Akasema, "Na nusu iliyomwagika?"

Swali lilikuwa la haki, na nilikuwa najiuliza mwenyewe. Mvuke wa ile sahani ulikuwa unanipiga usoni. Kisha nikasema moyoni, kwa maneno kamili kama mara ya kwanza: mabakuli mawili niliyokula yalikuwa ya mtoto. Nimemtangulia. Sasa yeye ndiye atakayenitangulia. Hata nikimshika, sitakula wali mpaka yeye mwenyewe aule kwanza.

Nilipomwambia wifi akapiga paji la uso. "Maskini wee! Mtoto mchanga! Si miezi mingine hiyo! Wewe kila ukianguka unaongeza mzigo."

"Ndiyo."

"Kaka yangu alioa jiwe."

Akainua sahani yangu, akaimwagia yote kwenye yake, akaanza kula. Kwa mwenye hoteli alionyesha kwa kidole tumbo lake, halafu akanionyesha mimi, maana yake anakula kwa niaba yangu. Yule mama akacheka tena, lakini kicheko kidogo. Aliondoka akarudi na viazi vitatu vya kuchemsha na kipande cha jibini, akaviweka mbele yangu. Nilivila vyote. Yule mzee wa meza ya pili wifi alimpelekea ubwabwa kwenye kisahani, na safari hii alielewa vizuri sana maana ya karibu.

Tulipokuwa tunavaa makoti, yule mama alinishika mkono mlangoni akauliza jambo. Sista akatafsiri: "Anauliza mtoto sasa ana siku ngapi."

"Mwambie hatujui kama yupo."

Sista akamwambia. Yule mama hakuuachia mkono wangu kwa muda, huku baridi inaingia mlangoni na watu wanageuka kutazama. Halafu akauachia.

Kurudi kilimani wifi hakutania. Mbele ya lango la nyumba ya Masista alisimama, akasema, "Kama kuna baya, wifi, halitakuwa la supu. Wale wawili uliwafungia nini? Hukuwafungia kitu, wala hukuvunja nadhiri yoyote." Hilo ni neno ambalo nimelifikiri miaka yote tangu hapo. Niliendelea tu na nadhiri.

Tuliondoka mwezi wa tatu, bila habari. Wiki tatu za meli, na kila siku mezani kulikuwa na wali, maana wapishi wa meli ile walikuwa watu wa nchi za mchele. Nilikuwa nachota mchuzi na mkate. Dar es Salaam tulikuta masika. Kilosa tukalala kwenye nyumba za misheni wiki baada ya wiki, barabara ya kwetu imekatika, malori hayapiti, barua hazipiti. Nilishona mkeka mzima pale. Watu wakiniuliza nina wajukuu wangapi, nilikuwa nasema, "Nitajua nikifika."

Mvua zilipokatika tulipata lori. Ifakara tulifika saa nane mchana, mpunga mashambani umeshageuka rangi. Kwenye ua wetu walikuwepo watu wengi, habari ya lori ilikuwa imetutangulia. Mume wangu alikuwepo, mkwe wa binti alikuwepo. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, amenipa mgongo, na juu ya mgongo ule hapakuwa na kitu.

Nilisimama. Nakumbuka mzigo wangu ulikuwa bado kichwani, na hakuna aliyekuja kuupokea.

Akageuka. Mtoto alikuwa mbele, ananyonya.

"Shikamoo, mama," binti akasema. "Samahani, nikimtoa atapiga kelele."

"Marahaba. Mwache amalize."

Nikatua mzigo, nikanawa mikono, nikakaa chini nikangoja. Alipomaliza, binti akaniwekea mikononi. Msichana. Mzito, kichwa chake kinatoka jasho. Alinitazama bila kupenda sana. Wifi nyuma yangu alikuwa ameshaanza kupiga kelele na watu wote, na mimi nikasali Salamu Maria moja tu, kwa sababu nyingine hazikutoka. Alizaliwa mwezi wa pili, binti alisema, siku ya Jumamosi. Jumamosi ya tarehe gani hakujua. Mume wangu alikuwa ametuandikia barua ambayo ilifika kule tukiwa tumeondoka, ikatufuata; niliisoma mwezi wa saba, ikiniambia mambo ninayoyajua.

Jioni ile walipika wali kwa samaki, kwa heshima yetu. Wifi mwenyewe alinipakulia, akauweka mbele yangu, akakunja mikono.

"Umemshika," akasema. "Watu wote wameona."

"Nimemshika. Lakini unajua tulichoongea hotelini."

"Wifi!"

Mume wangu akauliza kuna nini. Wifi akamsimulia yote, supu, unga, mabakuli mawili, kigelegele, na yule mzee aliyekaribishwa meza tupu, mpaka watu wakashikilia mbavu. Mume wangu akamaliza kucheka, akainuka mwenyewe akaniletea muhogo.

Nilimwachia mtoto muda wake. Sikumharakisha, na hilo nataka lieleweke, maana wifi alikuwa anapita kila mara anamtazama mdomoni kama meno yameota. Binti alikaa kwetu mpaka mavuno. Tulivuna, tukapiga, tukakausha. Ndipo binti akasema mtoto anatazama mikono ya watu wanaokula, anadondosha mate, sasa aanze. Akachukua mchele mpya kidogo, akaupondaponda kwenye kinu, akaupika kwa maziwa kutoka misheni mpaka ukalainika kabisa.

Nilimpakata. Wifi akaacha ukili wake akasogea. Nikampa ncha ya kijiko. Mtoto akakunja uso wote, akatema.

"Ameonja!" wifi akapiga kelele. "Nimeona! Ulimi umegusa!"

"Ametema."

"Kuonja ni kuonja!"

"Nilisema aule, sikusema auonje."

Binti yangu akatutazama sisi wawili, hajui neno hilo tumeligombania tangu wapi. Nikachota tena. Safari hii mtoto aliuweka mdomoni, akauzungusha, akafikiri. Akameza. Kisha akafungua mdomo.

Kijiko cha tatu kilikuwa cha moto, kwa hiyo nilikipeleka kwanza mdomoni mwangu, kama anavyofanya bibi yeyote. Ubwabwa ukashuka. Ulikuwa mtamu kiasi, wa maziwa, laini. Ndicho kitu nilichokaa nacho uso kwa uso hotelini bila kukijua ladha.

Wifi alikuwa ananitazama. "Ndivyo ulivyokuwa ule," akasema. "Hivyo hivyo. Ila ule ulikuwa na mdalasini." Akangoja kidogo, hakuweza kujizuia. "Haya, sema sasa. Huo ni wali au si wali?"

"Wali," nikamwambia, nikachota kingine, nikakipuliza, maana mtoto alikuwa bado amefungua mdomo.